Chumba cha Baridi Namba Tatu

Mkaguzi anakuja Jumatatu. Bosi Vukoman
ameniachia meza, taa na majalada saba,
akasema, "Andika kila tunachofanya, Nevenka,
na tunachofanya kifanane na ulichoandika,"
kisha akaenda kuuza trekta la shemeji yake.

Basi ninaandika.
Kwamba maji yetu hutoka kisima cha nyuma ya kanisa,
hupimwa kila miezi mitatu, na vyeti vipo.
Kwamba mikono huoshwa hadi viwikoni, pete zikiwa zimevuliwa,
isipokuwa ya Radojka, ambayo haijavuka kifundo tangu harusi;
hiyo tumeivika glavu ya buluu, nayo nimeiandika.
Kwamba mitego ya panya ni kumi na tisa,
imechorwa kwenye ramani kwa wino mwekundu,
na wa kumi na nne, nyuma ya mizani,
ulimnasa mmoja Machi, mdogo kama kidole gumba.
Akaandikiwa tarehe, saa, na hatua iliyochukuliwa.
Katika bonde hili la Moravica
hajazikwa mtu kwa karatasi nyingi kiasi hicho.

Kabla hujataja hatari, mwongozo unasema,
taja sakafu.
Mteremko wake, mfereji wake,
ufagio wa kijani wa ndani, ufagio mwekundu wa nje,
zisikutane kamwe, kama wakwe waliogombana.
Taja balbu na vifuniko vyake, ili ikipasuka moja
kioo kisilale kati ya rasiberi.
Mambo ya kuchosha. Hayana wa kuyasifu.
Mtu akila jamu asubuhi, huko mbali, asiugue,
hatajua amshukuru nani.
Kazi yetu hufaulu hivyo: kwa kutotokea kitu.

Usiku wa pili ninafungua jalada la tano.
Chumba cha baridi namba tatu. Joto, mara nne kwa siku.
Hasi ishirini. Hasi ishirini. Hasi kumi na tisa nukta nane.
Saini: Milunka. Milunka. Milunka.
Miaka kumi na mmoja ya Milunka,
herufi wima kama vigingi vya shambani,
M yake yenye mabega mawili.

Septemba, M inaanza kuinamia kushoto.
Novemba, bega moja linashuka.
Januari jina zima linatambaa chini ya mstari
kama mtu anayepapasa ukuta gizani,
lakini tarakimu, Mungu wangu, tarakimu bado safi.
Alizitunzia nguvu zilizobaki.

Daktari alimwambia Februari.
Karatasi ilijua tangu Septemba.
Na chini ya kila ukurasa, kwa mkono wangu:
*Imehakikiwa.*
Nilihakiki nini?

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na mtu anayepotea ndani ya daftari,
mara nne kwa siku, mbele ya macho yangu?

Aprili tarehe tisa, saa nane mchana, mstari mtupu.
Tulikuwa makaburini sote, matope hadi vifundoni.
"Jaza tu," Vukoman amesema mlangoni,
"hasi ishirini, mashine ilikuwa inanguruma."
Huenda ni kweli. Kalamu ileile ya buluu
bado inaning'inia kwenye uzi wake.

Naandika: *Haikupimwa. Wapimaji wote walikuwa mazishini.
Ilipimwa saa kumi na moja jioni: hasi kumi na tisa nukta tano.
Hatua ya marekebisho:*
hapo wino unasimama muda mrefu.

Mwishowe nachora safu mpya, nyembamba,
ambayo hakuna kiwango kinachoidai.
Kichwa chake bado sijakipata.

Alfajiri Radojka anaingia, mvuke mdomoni,
anasoma kipimajoto, anachukua kalamu.
Sitazami namba.
Natazama anavyoishika.