Fundi wa Seng'enge

Naijua kazi yangu hata gizani.
Kila fundi ana fundo lake, na langu
ni mizunguko mitatu, kisha ncha inarudi ndani
kama mtu aliyesahau funguo.

Nguzo ya arobaini na moja kutoka mtoni, nimelikuta.
Miaka tisa. Kutu imelinenepesha,
na kwenye miba kando yake
kishungi cha manyoya mafupi, ya kijivu,
ambayo sikuyafunga mimi.

Wakati ule niliuza ua kwa mita.
Marobota ya seng'enge nikiyatoa Viwandani,
dalali Ndirangu akinisubiri huku Mbagathi na kamba yake,
hamsini kwa mia, hamsini kwa mia,
akinong'ona kama anavuta tasbihi.
Nyumbu walisimama ng'ambo wakitutazama.
Nilidhani wanashangaa.

Sasa nalipwa kuung'oa.
Resiato, mwenye ekari thelathini na mbili,
alizikataa hela za Ndirangu mara tatu.
Ya nne akaweka dole gumba kwenye mkataba wa Amana:
ardhi ibaki yake, hati ilale kwenye sanduku lake la bati,
ila isikatwe, isizungushiwe kitu,
na kila shule zinapofunguliwa
apewe kodi ya kuziacha nyasi ziwe nyasi.
"Si sadaka hiyo," aliniambia, akinimiminia chai.
"Ng'ombe wangu wanakula hapo, nyumbu wanakula hapo.
Mwenye mlango ni mimi."
Majirani kumi na tisa wakamfuata.
Wa ishirini ana ukuta wa mawe, mbwa wawili, na kesi.

Sitasema kila kitu ni kizuri.
Mwezi wa sita simba aliingia kwa Parmuat,
akaua kondoo saba, akala mmoja.
Watu wakatoka na mikuki.
Wairuri, mweka hazina wetu, akasimama mbele yao
na leja kwapani na tochi inayokata roho,
akawasomea fidia, kondoo kwa kondoo,
mpaka hasira ikachoka.
(Amefanya kazi benki miaka ishirini. Anajua kuwachosha watu.)
Kesho yake tukafunga taa za kumemeta kuzunguka zizi.
Zamu yangu ilikuwa Alhamisi.
Kaskazini, Nairobi nzima nayo ilikuwa inamemeta,
nikajiuliza inamfukuza nani.

Jana tumemaliza. Marobota kumi na manne ya kutu;
Wairuri ameyapima, ameyaandika, yataenda chuma chakavu.
Usiku mvua ikanyesha, ya kwanza.
Alfajiri nyumbu wakatoka mbugani,
wakavuka mto, wakapanda,
wakafika pale pale, naapa,
wakasimama.

Hakuna waya. Hakuna nguzo. Kulikuwa na mashimo tu
na tulishayafukia.
Mkubwa wao akanusa hewa mahali palipokuwa na waya wa pili,
akageuka, akaufuata mstari usiokuwapo,
nguzo kwa nguzo, hadi karibu na ukuta wa mawe,
akarudi.

Nilitaka kupiga kelele: piteni, nimeung'oa,
mimi mwenyewe niliyeufunga!
Lakini nani humwamini fundi?

Ndege ikashuka kuelekea Wilson, chini chini.
Hakuna aliyeinua kichwa.
Ndipo ndama mmoja, wa juzi, miguu bado haijaelewana,
ambaye hajawahi kuchanwa na kitu,
akaona sijui nini upande huu, panzi labda,
akavuka.

Mama yake akamfuata kwa kuruka.
Akaruka juu, magoti yamekunjwa kifuani,
akaruka hewa.
Kisha wengine, mmoja mmoja, wakiruka,
na vumbi halikuwapo kwa sababu ya mvua,
kwa hiyo niliona vizuri.

Walipokwisha kupita nikakumbuka koleo langu,
nimelisahau upande ule.
Nikatembea kulifuata.
Nilipofika kwenye mstari
nikainua mguu.