Uzi Uliokosewa Rangi

Asubuhi vidole vyangu haviniitikii.
Navitia katika bakuli la maji moto, nahesabu hadi mia mbili,
ndipo cha shahada kinakubali kuinama,
kwa kinyongo, kama mtoto aliyelazimishwa kuamkia wageni.

Miaka thelathini na minane nimefuma mazulia hapa Samugheo,
sufu ya kondoo wa shemeji yangu Bachisio,
ndege wawili, mkomamanga, ukingo mwekundu.
Sasa kitanda cha mfumi kimefunikwa shuka
na paka amezaa chini yake.

Kule Cagliari, Daktari Efisia alinikalisha mbele ya kompyuta.
"Tone moja la damu yako," akasema.
Seli nyeupe, viini vyake vimegawanyika kama kitunguu saumu.
"Hizi hazikufundishwa na mtu. Huzaliwa zinajua.
Hufika kabla ya kuitwa, hufa kabla ya kushukuriwa."

Moja ikapasuka.
Nilidhani imekufa tu; kumbe imejifumua,
imetoa uzi wa ndani kabisa, ulioandikwa mimi ni nani,
ikautandaza uwe wavu wa kunasa vijidudu.
Vijidudu havikuwapo.
Na uzi ule ukitoka huwa umegeuka rangi kidogo,
kama sufu iliyotolewa chunguni mapema.
Kwa hiyo wale wengine, wanaosoma na kukumbuka,
walipoukuta umetapakaa ndani ya viungo vyangu
walisema: huyu simjui.
Kukumbuka kwao hakuna msamaha.

Nikamwambia, Daktari, niondolee habari za vita na askari.
Mimi hapa naona ufundi,
ufundi uliokosa mtu wa kuuambia basi, imetosha.
Namjua fundi wa namna hiyo. Mama yangu, Grazietta:
zulia la arusi yangu lilizidi urefu wa chumba,
bado anafuma.
Wasema kikulacho ki nguoni mwako.
Changu ndicho kinachoifuma nguo.

Sindano ni kila Alhamisi.
Leo Ijumaa nimelifunua lile shuka; paka kanitazama vibaya.
Nimefumua mstari mmoja tu, wa zamani, niliokosea rangi
nikauacha nikitumaini hakuna atakayeona.
Uzi umetoka mlaini, umepindapinda, bado unakumbuka mahali pake.
Nauviringisha kwenye kidole kibaya kuliko vyote,
polepole,
nione kama kitakataa.