Safu Niliyoichora kwa Rula

Daftari la alama lilikuwa na safu nne:
jina, namba ya fulana, pointi, faulo.
Ndivyo lilivyotoka chamani, ndivyo nilivyolipokea,
mimi mwalimu wa hesabu, skuli ya Wete.
Nani angenituma kubishana na mistari?

Akaja Shaame wa Bikombo,
miaka kumi na minne, mkono wa kushoto,
fulana namba saba imemfika magotini.

Msimu wa karafuu kiwanja si chetu.
Wenye konde hutandaza majamvi
kutoka pete hadi pete,
na mji mzima hunukia kama jino lililotiwa dawa.
Wenzake walikwenda kuogelea.
Yeye alidunda katika vichochoro vya majamvi,
miguu inaijua njia, macho kwa Bi Time Khatib
aliyekaa kivulini na ufagio,
na kila punje iliyokanyagwa ina bei yake mgongoni.
Miezi mitatu.
Sikumwona akikanyaga hata kikonyo.

Kisha tukacheza na Chake.
Shaame akamaliza na pointi nne.
Nne! Nikaziandika, nikafunga daftari.
Tumeshinda kwa kumi na tisa, na usingizi haunichukui.
Hesabu haikubali.
Makame alifunga ishirini na mbili, kweli,
lakini Makame alikuwa akigeuka tu
akaukuta mpira mikononi,
kama mtu atiaye mkono kwenye koti la zamani
akakuta noti aliyoisahau.

Nikaamka, nikawasha kandili, nikatafuta rula.
Safu ya tano. Juu yake nikaandika: Aliyetoa.

Misimu sita niliijaza.
Pasi ya nyuma ya mgongo. Pasi ya kudunda
kati ya miguu ya lile jitu la Mkoani,
ambalo liliinama kuutafuta mpira, sisi tushafunga.
Walimwita Sindano:
sindano hupita, uzi ndio ubakio nguoni.
Refa mmoja alipuliza filimbi kwa kutoamini tu,
akakosa la kusema, akaomba maji.

Unguja wakamchukua. Boti ya asubuhi,
begi moja, viatu vya kuazima
vimejazwa magazeti vidoleni.
Niliwapelekea nakala ya daftari.
Wakapiga simu: "Mwalimu, hii safu ya tano ni ya nini?"

Redio ilitaja wafungaji. Siku zote wafungaji.
Nikisikia "akafunga", nauuliza ukuta:
kapewa na nani?

Goti lilikatika mwaka wa tatu.
Hakuna aliyemgusa. Mvua ilinyesha mchana,
pembe moja ya kiwanja haikukauka.
Alipoanguka mpira ulikuwa ushaondoka,
na ulikotumwa ukafika.
Watu wakarukaruka, wakakumbatiana,
hata ikapita dakika nzima
kabla mtu kuona kwamba yuko mtu chini.

Sasa anasoma mita za umeme, Limbani mpaka Jadida.
Kila mwisho wa mwezi hufika kwangu
akichechemea, zaidi mvua ikikaribia.
Huandika namba zangu kitabuni mwake,
nami humtania: "Humo una safu ngapi?"
Hucheka. Hajawahi kunijibu.

Mwezi uliopita alikaa barazani anamenya chungwa,
ananieleza habari ya bei ya uniti,
kanikazia macho usoni, maneno hayakatiki.
Nyuma yake mjukuu wangu Raya akapita mbio.
Chungwa likatoka mkono wa kushoto.
Hakugeuka. Hakunyamaza hata neno moja.
Na mtoto akalidaka kifuani,
asijue kwamba alikuwa akilingoja.

Alipokwenda zake nikalitoa daftari kabatini,
mende wamelila pembeni,
wino wa misimu ile umekuwa rangi ya chai.
Nikaandika tarehe.
Pointi: hapana. Faulo: hapana.
Aliyetoa: moja.