Ukuta wa Silinda ya Tatu

Chilongani kaileta bloku kwa toroli la maji,
kaifunga shuka la maua kama mgonjwa wa kulazwa,
na vumbi la Kizota likaingia naye bila hodi.
"Dada Sechelela, ichonge kidogo tu."
Kidogo yake anaionyesha kwa vidole viwili,
pengo ambalo punje ya uwele
ingepita bila kuinama.

Kidogo yangu mimi naipima.

Nimeziosha silinda kwa dizeli, nimezifuta kwa fulana kuukuu,
nimeziacha hadi zipoe sawa na chumba,
maana chuma chenye joto husema uongo.
Kisha juu, kati, chini;
kwa urefu wa injini, halafu kwa kukingama.
Nimeandika kwa chaki ubavuni.
Ya kwanza: themanini na sita, nukta themanini na moja.
Ya pili na ya nne, nukta themanini na mbili.
Ya tatu nimeipima mara tano.
Nukta tisini na tatu.

Ilitoka kiwandani na themanini na sita kamili.
Kwenye kichwa cha pistoni, chini ya masizi,
kuna muhuri: 75.
Basi yupo aliyepita hapa kabla yangu
na kisu chake,
na kidogo yake.

Kitabu kinaruhusu milimita moja, hakiongezi.
Na ya tatu imeliwa upande mmoja,
kama kisigino cha kiatu cha mtu anayechechemea.
Nikiifuata mikwaruzo mpaka iishe
nitakuwa nimeshavuka.

"Majengo nimeziona pistoni za moja na nusu,
mpya kabisa, bado zina karatasi la nta."
Sibishi, zipo.
Duka litakuuzia pistoni, Chilongani.
Ukuta halikuuzii.

Naingiza waya uliopinda kwenye tundu la maji,
napapasa mgongo wa silinda nisiouona.
"Kwenye rejeta unatia maji gani?"
Anatazama viatu vyake.
"Ya kisima. Huko Hombolo ungetia nini?"
Yaleyale yanayoacha ukoko mweupe
ndani ya birika la mkewe.
Miaka tisa chumvi imetafuna kutoka nyuma,
pistoni ikitafuna kutoka mbele,
na katikati pamebaki chuma
ambacho mwandishi wa kitabu hakukifikiria,
kwa kuwa hakuwahi kunywa maji yetu.

Nachukua spana ya kumi na mbili, nagonga.
Ya kwanza: ngoo.
Ya pili: ngoo.
Ya tatu: tii.
Amesikia. Sina haja ya kumtafsiria.

Nimewahi kupitiliza, sitasema mara ngapi.
Lori la alizeti, mtu wa Kibaigwa, ana haraka, ananisifu.
Lilikimbia wiki mbili, na mimi nikasifiwa wiki mbili.
Kwenye mlima Sekenke oili ikageuka chai ya maziwa.
Hadi leo nikipita Kibaigwa
nanunua mahindi nikiwa nimevaa miwani ya jua.

"Slivu moja," namwambia, "ya tatu peke yake.
Hizi nyingine nazifikisha moja kamili,
sehemu chache za mwisho nazimaliza kwa jiwe, polepole,
na hapo bloku imefika kwao.
Asije fundi mwingine akakudanganya
kwamba kuna safari baada ya hiyo."

Anatoka nje kupiga simu.
Zabibu bado ni za kijani, namsikia akisema,
bado chungu, mnunuzi asubiri,
yeye atasubiri, kila mtu asubiri.

Upepo wa saa tisa unakuja na mchanga wake.
Naifunika bloku shuka lake la maua,
lakini kabla sijaifunika
nimeandika kwa chaki ndani ya silinda ya tatu,
pale ambapo kisu cha mwingine yeyote
kitalazimika kulisoma kabla hakijalifuta,
neno moja:
basi.