Mwana Malegeza

Daku nililila saa saba na nusu usiku, nimesimama,
uji wa shayiri na tende tatu,
maana Ramadhani ikiangukia Juni, huku Pitlochry,
alfajiri haina adabu: huingia hujamaliza kutafuna.
Magharibi ni saa nne usiku na ushei.
Torquil alizihesabu saa kwa vidole, vikamwishia.

Kazi yetu ni ukuta. Mawe makavu, bila saruji,
na kila jiwe lina uso wake.
Asubuhi nilikuwa mwepesi hadi nikajishangaa.
Nilinyanyua mawe ya pembeni ambayo juzi, na shibe yangu,
niliyazunguka kama mtu anayemkwepa anayemdai.
Wahenga, nikasema, hapa mliteleza.
Njaa mwana malegeza? Njooni mwone.

Saa kumi wakanijibu.
Si kwa tumbo; tumbo lilinyamaza tangu adhuhuri.
Walinijibu kwa mapaja. Magoti yakawa ya mtu mwingine,
jiwe la kilo ishirini likakaa chini, likanitazama.
"Shekwi," akasema Torquil
(naitwa Shekue, nimeshamsamehe),
"nenda bwawani ukawatazame samaki."

Bwawani wamewajengea ngazi, kidimbwi juu ya kidimbwi,
na kioo kizito ubavuni. Nikaketi.
Akaja samoni mmoja, kifua kipana, ubavu una kidonda.
Torquil aliwahi kunieleza: tangu ayaache maji ya chumvi
huyu hajala kitu, na hatakula hadi azae, majani yakipukutika.
Utumbo wake umejikunja, mdogo kama glavu ya mtoto.
Kuni zake ni yeye mwenyewe,
mafuta kwanza, kisha nyama,
na kila kidimbwi hukilipia kwa kipande cha mwili.

Nilitaka aruke.
Hakuruka.
Alisimama ndani ya mkondo, mkia ukicheza kidogo tu,
kiasi cha kutorudishwa nyuma, basi.
Dakika kumi. Ishirini. Nikaanza kumwonea haya.
Kumbe hajalegea. Anahesabu.
Mwenye ghala moja lisilojazwa tena
hafungui mlango kwa kila hodi.
Kisha pigo moja la mkia,
na kioo kikabaki na mapovu.

Nikarudi ukutani. Jiwe kubwa nikaliacha lilipo.
Nikashika vile vijiwe vya kujazia, vya ukubwa wa yai,
vinavyokaa tumboni mwa ukuta, mpita njia asivione,
na bila hivyo ukuta hulala chini baridi ya kwanza tu.
Nikaushibisha. Kiganja kwa kiganja, polepole,
mimi niliye mtupu.

Torquil alipita, mkate wake mkononi,
akasita, akaurudisha mfukoni.
Sikumwambia kitu.
Jua lilikuwa palepale juu ya mlima,
kama mgeni asiyejua kuaga.