Duka la Hapana

Kwanza ilikuwa meza, miguu mitatu na tofali,
maharage kwenye ndoo mbili,
na mama, Tusajigwe, kajifunga shuka mabegani,
ukungu wa Uyole ukiwameza wateja
kabla hawajafika.

Baba alikuwa na orodha ya visivyouzwa
ndefu kuliko ya vinavyouzwa:
nguruwe, hata mafuta yake;
kambale, kwa kuwa hana magamba;
bia, sigara, ugoro wa bibi yake mwenyewe.
Na chai. Chai!
Milima yote ya Rungwe imevaa chai,
sisi tunachemsha mchaichai
na kumwambia mgeni, karibu, ni ya moto.

Watu walicheka.
Mtoto akirudi mikono mitupu
anaulizwa: kwani ulikwenda kwa Hapana?

Wa kwanza kuifuata hapana yetu
alikuwa Bi Shamsa, mke wa fundi saa.
Aliinamia ubao wa nyama, akaunusa.
"Hapa pamekatiwa nini?"
Mbuzi na ng'ombe, baba akasema, tangu ubao uwe ubao.
"Na kisu kilishikwa na nani?"
Mzee Mbwana, machinjioni, alfajiri.
Akanunua nusu kilo, kwa majaribio.
Kesho yake akaja na mawifi zake watano.

Meza ikawa kibanda, kibanda kikawa fremu,
fremu ikala ukuta wa jirani
aliyekimbilia Chunya kufuata dhahabu.
Jokofu letu la kwanza lilitoka Tunduma
limelala ubavu juu ya magunia ya mahindi;
tuliliacha siku nzima limesimama, gesi itulie,
sisi tukilizunguka kama mgonjwa.

Mwaka wa tisa akaja kijana wa soseji,
shati limenyooka, friji ya bure yenye taa,
sharti moja tu, dogo.
Mama akavaa miwani, akageuza pakiti,
akayasoma maandishi ya sisimizi mpaka chini.
"Mafuta haya ni ya mnyama gani, mwanangu?"
Kijana akatazama viatu vyake.
Friji ikarudi garini na nailoni yake.

Kaka yangu Gwakisa hupiga hesabu:
Jumamosi hamsini na mbili kwa mwaka,
siku malori ya viazi yanapojaa njia panda,
zidisha.
Jumla huiandika kwa wino mwekundu, huiacha mezani.
Baba huwekea kikombe juu yake.

Sasa magoti ya baba yamegoma, ufunguo ninao mimi.
Ijumaa, jua likigusa bega la Loleza,
nafunika mizani kwa kanga, nabana kufuli.

Juma lililopita mlango uligongwa usiku.
Mwasote, kandambili tofauti miguuni:
mkewe kajifungua, uji hauna sukari.
"Leo hatuuzi," nilimwambia,
huku namimina, mpaka ukingoni,
nikakipitisha kikombe dirishani.

Jumapili alfajiri nikafungua daftari,
nikaandika: Mwasote, sukari, kikombe, deni.
Baba akajikokota kutoka chumbani,
akaniomba kalamu,
akalikata neno la mwisho.

Kikombe hakijarudi bado.