Baadaye

Wanyoaji hufika Novemba, lori moja, wanaume kumi na wawili,
na kabla hawajauliza kitanda wala supu
huniletea simu.

Naitwa Otilia Mansilla. Kazi yangu ni daftari la sufu
hapa La Porfiada, kusini kabisa mwa Chile,
ambako upepo ndio mwenye nyumba na sisi wapangaji.
Mtandao tunaupata kwa sahani iliyo juu ya paa,
tunaununua kwa kipimo, kama dhahabu.
Kwa hiyo hakuna anayesasisha peke yake.
Napakua mara moja, usiku, jenereta ikikohoa,
halafu nagawa kwa waya.

Kila simu nimeibandika plasta yenye jina:
Custodio. Baldomero. Oyarzo mkubwa. Oyarzo mdogo.
Zimelala mezani kichwa kwa mkia
kama kondoo zizini wakingoja mashine,
nami nazikamata moja moja, nazipindua,
natafuta tundu, nachomeka.
Je, unaiamini kompyuta hii? simu huuliza.
Iamini, naiambia. Ina umri wa mwanangu na haijawahi kunikopa.

Kisha mstari mwembamba unaanza kutambaa.
Usichomoe, inasema skrini.
Sichomoi. Nafuma soksi. Asilimia tisa.
Asilimia tisa. Asilimia tisa.
Kisigino kimekwisha: asilimia kumi na moja.

Simu ya Custodio imejaa pomoni, sasisho halina pa kukaa.
Namsomea orodha, yeye kasimama mlangoni,
mikono inang'aa mafuta ya sufu:
mchezo wa karata, hali ya hewa, benki, picha elfu moja na mia mbili.
Picha za nani?
Za mbwa.
Mbwa wangapi?
Mmoja.
Futa benki, anasema.

Kwa miaka minne programu yenyewe, ile mama yao wote
iliyokaa kompyutani,
iliniomba jambo moja kila asubuhi:
Toleo jipya lipo. Sasa, au Baadaye?
Nikabonyeza Baadaye
kama mtu anavyofukuza nzi, bila kukatiza maneno.

Nahuel ana miaka kumi na tisa. Katoka Punta Arenas
kuja kufagia sufu chini ya meza, na ana moyo mwema,
jambo ambalo silisemi kwa kumsifu.
Nilikwenda kupima marobota. Akaliona swali, akalijibu.
Sasa.

Niliporudi, skrini ilikuwa nyeupe, safi,
kama jiko la watu wasiopika.
Muziki upo. Filamu zipo. Orodha ya programu haipo,
wala kabati nilimozihifadhi, wala pa kuziburutia.
Palikuwa na maneno machache ya upole:
kuanzia leo kila simu ijipakulie yenyewe,
vitu vyako viko salama kwenye wingu.

Nikamwita Nahuel dirishani.
Wingu lipi? nikamwuliza.
Yalikuwa yakipita mbio kuelekea Atlantiki, yote,
bila hata moja kugeuza shingo.

Hakulia. Lakini supu aliinywa amesimama.

Usiku nikapekua droo ya chini, penye hereni za kondoo,
risiti za mwaka wa theluji kubwa, betri zilizovuja,
nikakuta diski imeandikwa kwa kalamu nene:
ya zamani, usitupe.
Mwandiko ni wangu. Siku niliyoandika siikumbuki.

Nikaing'oa mpya, nikaipanda ile. Kulipokucha
orodha ilikuwa imerudi na mapengo yake,
na benki ya Custodio imo, ingawa hakuiulizia.

Simu saba zimebaki. Baldomero kanichungulia mara tatu.
Nimebandika plasta juu ya skrini, kona ya kulia,
pale swali linapozukia;
Nahuel ndiye aliyeikata, kwa meno.
Mchana, jua likipiga dirisha,
chini yake bado linasomeka kidogo.